Kufuli la intaneti: Kinga kwa wengi, mzigo kwa tovuti ndogo za mashinani

KAMPUNI ya Google ilitangaza mnamo Oktoba 2025 kwamba kuanzia toleo la 154 la kivinjari chake cha Chrome, lililopangiwa Oktoba 2026, mtumiaji ataombwa idhini kabla ya kufunguliwa kwa mara ya kwanza tovuti yoyote ya umma isiyokuwa na muunganisho salama.

Kwa mabenki na mashirika makubwa ya Nairobi, tangazo hilo si jambo la kuwanyima usingizi. Tovuti zao zilipata kufuli miaka mingi iliyopita, na wanao wahandisi wa kulitunza.

Lakini kwa mji mdogo kama Kendu Bay, ulio ukingoni mwa Ghuba ya Winam katika Kaunti ya Homa Bay, swali ni tofauti. Je, shule ya upili, kanisa, kikundi cha akina mama au kamati ya wavuvi yenye kurasa tatu tu za maelezo itaendelea kuonekana na wasomaji wake?

Swali hilo halipaswi kueleweka kama upinzani dhidi ya usalama wa intaneti. Kufuli lina manufaa makubwa, na mkazi wa Kendu Bay analihitaji sawa na mkazi wa London. Tatizo ni kwamba gharama ya kulitunza imewaangukia kwa uzito zaidi wale wasio na fundi, wenye simu kuukuu na wenye muunganisho hafifu. Aidha, hakuna mamlaka iliyojitwika jukumu la kuwasaidia.

Barua mkononi mwa utingo

Ili kuelewa kufuli hili, mtu na afikirie barua anayomkabidhi utingo wa matatu inayotoka Kendu Bay kwenda Kisumu. Ikiwa barua haina bahasha, kila anayeishika njiani anaweza kuisoma. Anaweza pia kufuta tarakimu moja na kuandika nyingine, na mpokeaji asitambue.

Hivyo ndivyo kurasa za intaneti zilivyosafiri kwa miaka mingi, kwa anwani zinazoanza na herufi http. Herufi ya ziada katika https humaanisha kwamba barua imetiwa ndani ya bahasha, ikafungwa kwa lakiri, na kwamba mpokeaji ameonyeshwa cheti cha kuthibitisha kuwa inatoka kwa mwenye anwani ile.

Cheti hicho hutolewa na asasi maalumu zinazoaminiwa na watengenezaji wa vivinjari. Huwa na tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha. Kikiisha, kivinjari hukikataa, hata kama ukurasa wenyewe haujabadilika hata nukta moja.

Haja ya bahasha ilidhihirika mapema. Mnamo Oktoba 2010 programu ndogo iliyoitwa Firesheep ilionyesha jinsi mtu aliyeketi katika mkahawa wenye Wi-Fi ya wazi angeweza kujitwalia akaunti za wateja wa meza jirani. Miaka mitatu baadaye, Juni 2013, ufichuzi wa Edward Snowden ulionyesha ukubwa wa udukuzi uliofanywa na idara za ujasusi za Marekani na washirika wake.

Mambo yakaenda kasi tangu hapo. Agosti 2014 Google ilitangaza kuwa tovuti zenye kufuli zingepewa alama ya ziada katika matokeo ya utafutaji. Desemba 2015 asasi isiyo ya faida ya Let's Encrypt ilianza kuupatia umma vyeti bila malipo, ilhali hapo awali vingi viliuzwa kwa ada ya kila mwaka. Julai 2018 toleo la 68 la Chrome lilianza kuzibandika tovuti zote zisizo na kufuli maandishi ya kutahadharisha kwamba si salama.

Wapo wanaouliza: kwa nini ukurasa usio na siri yoyote, mathalan ratiba ya ibada au tarehe za kufungua shule, utiwe ndani ya bahasha?

Jibu lilipatikana Machi 2015. Watafiti waligundua kuwa data za kampuni ya Baidu ya Uchina, zilizokuwa zikisafiri bila kufuli, zilibadilishwa njiani na kupachikwa amri za siri. Wasomaji wasiokuwa na habari wakageuzwa jeshi la kuishambulia tovuti ya GitHub ya Marekani. Ukurasa usio na siri unaweza kutumiwa kama silaha, na msomaji wake akawa mtumwa wa vita asivyovijua.

Kwa mkazi wa Kendu Bay hatari iko karibu zaidi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mzazi anayetafuta cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen na mfanyabiashara anayelipa ushuru, wote hutuma nambari za vitambulisho na manenosiri. Baadhi yao hutumia tarakilishi za kukodi katika vituo vya intaneti, maarufu kama saiba, au Wi-Fi ya bure, ambayo serikali iliahidi tangu 2022 kuieneza katika vituo 25,000 kote nchini. Bila kufuli, huduma hizo zingekuwa mtego.

Aliyejaribu ndiye huadhibiwa

Hata hivyo, namna kufuli lilivyosimikwa imezaa jambo la ajabu. Tovuti isiyowahi kuwa na kufuli imekuwa ikibandikwa onyo dogo pembeni mwa anwani, na ukurasa wake ukafunguka. Tovuti iliyowahi kuwa na kufuli, kisha cheti chake kikaisha, hufunikwa na ukurasa mzima wa tahadhari unaomwambia msomaji kwamba huenda wezi wanajaribu kumwibia.

Kwa maneno mengine, aliyejaribu kutii akashindwa njiani huadhibiwa vikali kuliko yule ambaye hakujaribu kamwe.

Tuseme shule moja ya eneo la Karachuonyo ilitengenezewa tovuti na kijana aliyehitimu hapo. Akaiwekea kufuli la bure, kisha akapata kazi Nairobi. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90 tu. Programu ya kuvifanya upya ikikwama, basi katika muda usiozidi muhula mmoja wa masomo mzazi atakayefungua tovuti hiyo atakutana na onyo la wezi. Mwalimu mkuu hajui nenosiri la seva, na huenda hata hajui kwamba kuna cheti.

Zamani asasi hiyo ilikuwa ikituma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Huduma hiyo ilikomeshwa Juni 2025. Hoja iliyotolewa ni kwamba wengi wa watumiaji sasa hufanya kazi hiyo kwa mitambo inayojiendesha. Hoja hiyo ni ya kweli kwa walio wengi. Wachache waliobaki ndio hasa waliohitaji kukumbushwa.

Muda nao unazidi kufupishwa. Mnamo Aprili 2025 jukwaa linalowaleta pamoja watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipiga kura kupunguza muda wa juu kabisa wa cheti chochote. Uamuzi huo uliweka kikomo cha siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027 na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa siku 398.

Sababu yake ina mantiki: cheti kilichoibwa au kutolewa kimakosa kisiendelee kutumika kwa muda mrefu. Lakini matokeo yake ni kwamba kufanya upya vyeti kwa mkono kutakuwa kama kupalilia shamba kila baada ya wiki sita, mwaka baada ya mwaka, bila mavuno mapya. Atakayemudu ni mwenye trekta.

Funzo kutoka Uganda

Mzigo wa pili humwangukia msomaji, nao ulielezwa vyema kutoka nchi jirani. Agosti 2018 mtaalamu wa tovuti kutoka Marekani, Eric Meyer, aliandika kuhusu siku alizofundisha vijana wa chuo cha ufundi mashambani mwa Uganda. Kituo hicho kilitegemea intaneti ya setilaiti. Alieleza kwamba ukurasa wa Wikipedia ulichukua sekunde 15 hadi 20 kuanza kuonekana iwapo bahati ilikuwepo, na mara nyingine karibu dakika nzima.

Sehemu ya tatizo ni maumbile. Setilaiti za aina hiyo huelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na safari hiyo pekee humeza karibu nusu sekunde. Kufuli huongeza salamu za utangulizi kabla ya ukurasa kuombwa. Katika toleo lililotumika zaidi hadi mwaka huo, salamu hizo ziliongeza safari mbili za kwenda na kurudi. Toleo jipya la 1.3, lililoidhinishwa Agosti 2018, liliipunguza nyongeza hiyo hadi safari moja.

Sehemu iliyobaki ni matokeo ya bahasha yenyewe. Kabla ya enzi ya kufuli, shule au saiba yenye muunganisho duni iliweza kuweka tarakilishi moja mlangoni kama ghala. Mwanafunzi wa kwanza akifungua ukurasa fulani, nakala yake ilihifadhiwa humo. Wenzake 39 walisomea nakala ile ile bila kulipia tena safari ya mbali.

Kwa kufuli, utaratibu huo hauwezekani. Ghala haliwezi kuona kilichomo ndani ya bahasha, hivyo haliwezi kukinakili. Wanafunzi 40 wanaosoma ukurasa mmoja lazima wauagize mara 40. Meyer hakupendekeza kufuli liondolewe. Alichoonyesha ni kwamba usalama ulikuwa na gharama, na waliolipa si wale walioupanga.

Ni haki kusema kwamba Kendu Bay ya leo si kama kijiji kile. Kenya iliacha kutegemea setilaiti pekee baada ya nyaya za chini ya bahari za TEAMS na Seacom kufika Mombasa mwaka wa 2009. Mitandao ya simu imeenea hadi fuo za ziwa, na tangu Julai 2023 huduma ya Starlink, ambayo setilaiti zake huruka karibu zaidi na ardhi, inauzwa nchini. Kasi imepungua kuwa tatizo.

Kilichobaki ni bei. Pale ambapo kila mwanafunzi hununua bando lake mwenyewe, ukurasa ulioagizwa mara 40 umelipiwa mara 40.

Simu kuukuu na saa iliyopotoka

Mzigo wa tatu uko ndani ya kifaa. Kila simu huja na orodha ya asasi za vyeti inazoziamini. Simu isiyopata masasisho hubaki na orodha ya zamani, kama mlinzi wa lango anayetambua tu sahihi za wakuu waliokwisha kustaafu.

Novemba 2020 Let's Encrypt yenyewe ilionya kwamba karibu theluthi moja ya simu za Android, asilimia 33.8, zilikuwa na matoleo ya kabla ya 7.1 ambayo hayakuutambua mzizi wake mpya. Ilipatikana njia ya kuziokoa kwa muda, na njia hiyo ilifikia kikomo mwishoni mwa Septemba 2024. Kufikia wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya simu za Android duniani zilikuwa za matoleo mapya.

Wastani wa dunia, hata hivyo, haumfariji mwenye simu iliyopitia mikono mitatu kabla ya kumfikia. Kwake, tovuti nyingi zilizokuwa zikifunguka zilianza kukataa, na wala hakuelezwa kosa lake.

Tarakilishi zilizotolewa shuleni kama misaada zimekumbwa na hali kadhalika. Mwaka wa 2020 vivinjari vikuu viliacha kukubali matoleo ya 1.0 na 1.1 ya muunganisho salama. Mashine zinazotumia Windows XP na kivinjari chake cha zamani zikafungiwa nje.

Kuna kosa jingine dogo linalosumbua wengi. Cheti hupimwa kwa tarehe iliyo katika kifaa cha msomaji. Betri ya ndani ya tarakilishi ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kila cheti huonekana kama hakijaanza kutumika. Kabla ya kuilaumu tovuti au kumwita fundi, inafaa kutazama saa kwanza.

Karatasi ya Gendia

Kinachoweza kupotea hapa ni kikubwa kuliko usumbufu wa kiufundi, na historia ya Kendu Bay inakionyesha vizuri.

Mwaka wa 1906 mmishonari Arthur Carscallen wa Kanisa la Waadventista Wasabato, akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Malawi, walianzisha kituo cha Gendia karibu na mji huo. Carscallen alichapisha sarufi ya Kijaluo mwaka wa 1910, na mnamo 1913 akapata mtambo mdogo wa kupigia chapa uliowekwa hapo Gendia. Kiwanda cha uchapishaji cha Africa Herald kilichoko Kendu Bay ni mrithi wa kazi hiyo.

Karatasi iliyotoka katika mtambo ule ilikuwa na sifa moja ambayo tovuti ya leo imeipoteza: ikishachapishwa, haikuhitaji idhini ya mtu yeyote ili iendelee kusomeka. Ingeweza kukaa sandukuni miaka 50, kisha mjukuu akaifungua na kuisoma. Haikuisha muda.

Tovuti nyepesi za miaka ya mwanzo zilikaribia kuwa na sifa hiyo. Maadamu anwani na seva vililipiwa, ukurasa ulioandikwa mara moja uliendelea kusomeka kwa miaka bila kuguswa. Historia ya ukoo, orodha ya wanafunzi waliopita, maelezo ya Ziwa Simbi Nyaima na simulizi zake: mambo ya aina hiyo yaliandikwa na wapenzi wa kwao, bila bajeti wala ofisi.

Leo ukurasa kama huo lazima uwe na mlezi asiyelala. Mlezi akifariki, akihama au akichoka, ukurasa hauzeeki polepole kama karatasi. Hufungwa ghafla nyuma ya onyo.

Ndiyo maana wengi wamehamia Facebook na WhatsApp, ambako kufuli hutunzwa na wengine. Huko hakuna cheti cha kufanya upya. Lakini huko pia shule haina nyumba yake, ina chumba cha kupanga. Mwenye jumba huamua nani aone tangazo lipi, na akaunti ikifungwa kumbukumbu zote huenda nayo. Ikiwa tovuti ndogo zitafifia, sehemu kubwa ya yale ambayo miji kama Kendu Bay inajisemea yenyewe itabaki mikononi mwa kampuni chache za ng'ambo.

Kufuli si hati ya uaminifu

Zaidi ya hayo, miaka ya kampeni imewafunza watu somo nusu. Wengi wameambiwa watafute kufuli ndipo waamini. Matapeli nao walisikia. Kufikia 2019, zaidi ya nusu ya tovuti za ulaghai zilizonaswa na wachunguzi wa kimataifa zilikuwa na kufuli halali.

Google yenyewe ilikiri kwamba alama hiyo haikueleweka, na Septemba 2023 ikaiondoa picha ya kufuli kwenye Chrome na kuweka alama nyingine isiyoashiria uaminifu. Bahasha iliyofungwa vizuri inaweza kubeba barua ya mwongo. Kufuli huthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea barua njiani. Haliapi kwamba aliyeiandika ni mkweli.

Hivyo mzazi wa Kendu Bay anaweza kuonywa dhidi ya tovuti ya kweli ya shule ya mwanawe kwa sababu cheti kimeisha, na wakati uo huo akakaribishwa bila onyo katika tovuti bandia inayodai karo.

Njia za kutokea

Kurudi nyuma hakuwezekani wala hakufai. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawataka wanaokusanya habari za watu wazilinde ipasavyo. Tovuti yoyote yenye fomu, malipo au nenosiri haina hoja ya kukwepa kufuli.

Kwa tovuti ndogo za maelezo tu, suluhisho la karibu zaidi ni kuacha kulitunza kufuli kwa mkono. Zipo kampuni za kuhifadhi tovuti zinazoweka na kufanya upya vyeti zenyewe bila ada ya ziada, na zipo zinazokiuza cheti kama bidhaa ya pembeni. Bodi ya shule inapotafuta kampuni, swali la kwanza lisiwe bei ya mwaka wa kwanza bali ni nani atakayekifanya upya cheti. Nenosiri la seva nalo lihifadhiwe ofisini, si kichwani mwa kijana mmoja.

Serikali za kaunti zina nafasi kubwa zaidi. Kaunti yaweza kuhifadhi kurasa nyepesi za shule, zahanati na kamati za fuo katika seva moja yenye mhandisi mmoja. Mitambo ikishawekwa, kutunza vyeti 200 si kazi kubwa kuliko kutunza vitano. Asasi ya KENIC, inayosimamia anwani za .ke zikiwemo za shule, yaweza kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya mafunzo na masharti inayowapa wauzaji wa anwani.

Kuhusu ghala la shule lililokufa, dawa ipo. Programu ya Kiwix huwezesha Wikipedia nzima na vitabu vingine kuwekwa katika tarakilishi moja na kusomwa darasani bila intaneti kabisa. Bahasha hainakiliki njiani, lakini maktaba yaweza kupakuliwa mara moja na kufunguliwa kila siku.

Na kwa kumbukumbu zinazostahili kudumu, njia ya Gendia haijapitwa na wakati. Historia ya shule, majina na picha za waasisi vipigwe chapa na nakala ziwekwe maktabani. Karatasi haitaombwa cheti mwezi ujao.

Oktoba 2026 si tarehe ya mbali. Kabla ya hapo, kila mwenye tovuti ndogo angeweza kufanya jambo moja jepesi: kuifungua kwa simu ya mtu mwingine, kuona kama inafunguka, na kuuliza kwa jina ni nani atakayeitunza mwaka ujao.